Nyumba ya Kushoto mwa Lango

Watu wakija kuniuliza habari za mchoraji, hutaka niwaambie alikuwa mama mpole aliyeteseka sana. Kuteseka aliteseka. Mpole hakuwa, na anayemwita hivyo mbele yangu najua hakuwahi kukaa naye hata kikombe kimoja cha chai kikaisha. Alikuwa na mdomo, alikuwa na kiburi, na mkono wake ukishika brashi ulikuwa hausikii la mtu. Nilimpenda kwa hayo yote, na hayo yote yaliniingiza matatani, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mimi nina hoteli hapa Kakuma mjini, kando ya barabara ya kwenda Lokichoggio. Chai, mandazi, maharagwe, na nyama ya mbuzi akipatikana mbuzi. Mimi ni Mturkana wa Lodwar. Niliolewa huku, mume akaenda zake, hoteli ikabaki. Nyuma yetu kuna laga, mto wa mchanga unaoona maji siku za mvua tu, na ng'ambo ya laga ndiko kambini. Yeye alikaa huko, mkimbizi kutoka Kongo. Sisi huku, wao kule, na katikati mchanga ambao kila mtu anaukanyaga kutwa: sisi tukipeleka kuni na makaa, wao wakileta vitenge na vitumbua. Jina lake sitalitaja, maana hakupenda litajwe ovyo. Wanafunzi wake wa kuchora walimwita mwalimu, mimi nilimwita mchoraji, naye aliniita Mama Hoteli hata mbele ya mama yangu mzazi.

Alichora nyumba. Hakuchora kingine. Na nyumba zenyewe hukuweza kuziona popote, si Kongo wala Turkana. Utaona baraza ndefu yenye nguzo, ya watu wa kando ya ziwa kule kwao, halafu juu yake paa la majani ya mkoma kama tunavyoezeka sisi. Uani mgomba wa Burundi, jikoni birika la Kisomali, na kitanda kimetandikwa shuka lenye maua ambalo wanawake wa Sudan Kusini hulidarizi kwa mkono. Siku za mwanzo nilimuuliza nyumba hizi ziko wapi, akaniangalia kama nimeuliza bei ya mwezi. Akaniambia, "Ile ya zamani walichoma. Hii ya sasa ni ya udongo na turubai, haiko yangu. Mi niko nachora ile haijafika."

Wageni hawakuipenda habari hiyo. Kambini huja wageni wengi wenye kamera shingoni, na wanajua wanachotaka kabla hawajashuka garini. Wanataka wanawake wenye mizigo kichwani, watoto wanashikilia kanga, moshi nyuma. Wapo wachoraji waliowachorea hayo, na yeye hakuwasema vibaya, alisema kila mtu na tumbo lake. Yeye hakutaka. Alikuja dada mmoja, mtu wa adabu tu, na mkalimani wake, akamwomba achore safari yake ya kuja Kenya. Mchoraji akakubali upesi mpaka nikashangaa. Dada aliporudi alikuta amechorewa jiko. Dirisha kubwa karibu ukuta mzima, meza, sufuria inatoa mvuke, na kiti kimevutwa nyuma kidogo, unajua mwenyewe ameinuka sasa hivi kuchukua chumvi. Dada akauliza kwa upole huzuni iko wapi. Mkalimani aliona haya kutafsiri, lakini mchoraji alikuwa ameshaelewa.

"Ile njia nilishaitembea kwa miguu," alisema. "Kwa brashi siitembei."

Dada aliondoka bila jiko lake. Jiko likaja kuning'inia kwangu, juu ya pipa la kunawia mikono, na madereva wa malori wakinawa walikuwa wanaliangalia mpaka maji yanawamwagikia viatuni. Mmoja alisema ndani ya jiko lile lazima kuna samaki. Mwingine akasema hapana, ni nyama. Walibishana hivyo mpaka chakula chao halisi kikapoa.

Rangi alijipikia mwenyewe. Udongo mwekundu alichimba kingo za laga, nyeusi ilikuwa makaa ya kutwanga, kijivu ni jivu, na vyote alivikoroga na gundi. Nyeupe tu ndiyo aliyonunua kwenye duka la hadiwea, na alikuwa mchoyo nayo kupita kiasi. Mwanafunzi akichovya brashi mara mbili kwenye nyeupe, darasa zima litasikia. Turubai la wachoraji hakuwa nalo, alichorea magunia ya unga ya msaada, akiyapasua na kuyageuza ili upande wenye maandishi uende nyuma. Alisema hataki nyumba yake iandikwe imetoka kwa nani.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa kupaka. Ilikuwa kuuliza. Ukimwomba nyumba atakuketisha kwenye dumu lililogeuzwa, halafu atakuuliza mambo ambayo hukuyatarajia. Mama mkwe alikuwa anakaa wapi akija? Mvua ikinyesha, watoto walikuwa wanalala upande gani? Ukipika samaki, nani ananusa kwanza? Na ukishamaliza kumwambia ya kwenu, atakuuliza ya hapa: umezoea nini cha hapa ambacho ukiondoka utakikosa? Wengi walikasirika hapo. Nani anataka kuambiwa amezoea Kakuma, jua hili, vumbi hili, miiba hii ya miti ya mathenge?

Kulikuwa na baba mmoja Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, kiongozi wa kwaya, mtu wa suruali yenye mkunjo hata siku ya kazi. Alitaka achorewe kilima chao. Akaeleza migomba, akaeleza matuta ya maharagwe, akaeleza ukungu wa asubuhi mpaka sisi tusioujua ukungu tukahisi baridi. Mchoraji akamchorea kilima kizuri sana, migomba yote mahali pake, lakini chini ya kilima akaweka mchanga wa laga, na mbele ya mlango ngamia amepiga magoti. Yule baba alikataa kuichukua. Alisema kwao hakuna ngamia, hakujawahi kuwa na ngamia, na babu yake angefufuka kwa aibu. Mchoraji akamjibu kwamba kwao sasa wapo, na kama hataki basi amwachie yeye atalala humo. Wakakosana, hawakusalimiana kanisani siku nyingi. Halafu yule baba akaja na baiskeli kuichukua. Alisema watoto ndio wamemsumbua. Walizaliwa hapa, kilima hawakijui, lakini ngamia wanamjua, na kupitia ngamia ndio wamekubali kusikia habari za kilima.

Kanisani pia hakukukalika naye. Aliimba kwa sauti iliyoipita kwaya, akafunga na kusali, halafu mchungaji alipomwomba achore mbinguni nyuma ya madhabahu, akachora mbinguni yenye choo. Kidogo tu, pembeni, mlango umesindikwa. Waumini walishika vichwa. Mchungaji akamwomba akiondoe kwa jina la heshima ya Mungu. Yeye akauliza watu wote hao watakaofika huko, wazee na akina mama wenye mimba, wataenda wapi. Amepanga foleni ya choo kambini miaka, alisema, na kama mbinguni hakuna choo cha mtu peke yake basi hajui anasali kwa ajili ya nini. Choo kilibaki. Mchungaji alisogeza maua mbele yake.

Alisema hapendi watoto, na banda lake lilijaa watoto. Alisema Waturkana ni wakali, na mchana kutwa alikuwa kwetu. Alichorea kila mtu nyumba, na kuta zake mwenyewe za udongo zilikuwa tupu, hata kalenda hakuna. Na alikuwa mwongo, hilo nilisema wazi mbele yake. Mimi aliniambia ametoka Uvira. Kwa mama muuza vitumbua alitoka Baraka. Kwa mchungaji, Kalemie. Nilipomshika akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mtu akijua haswa mahali unatoka," alisema, "anajua mahali pa kukurudisha." Sikumuuliza tena.

Kitu kimoja alikitaka, na hakukificha. Alitaka ukuta. Si wa udongo, maana kuta alizochora kambini mvua ya kwanza ilizilamba zote, na magunia yaliliwa na mchwa. Alitaka ukuta wa matofali ya saruji, mmoja tu, na uwe upande wetu wa laga. Upande wa kambi, alisema, kila kitu kimeamriwa kiwe cha muda, hata mtu. Huku kwetu kitu kikijengwa kimejengwa. Basi mwaka ambao mafuriko ya laga yalibeba upande mzima wa hoteli yangu, nilipoleta fundi ajenge upya kwa matofali, yeye alifurahi waziwazi, sikuona mtu akifurahia hasara yangu namna ile. Alikuja kila siku kumsimamia fundi wangu, akimkemea kuhusu ukuta usionyooka, mpaka fundi akaniuliza huyu mama ndiye mwenye hoteli au mimi. Ukuta ulipokauka hakuniuliza kama anaweza kuuchora. Aliuliza aanze lini.

Akachora boma. Boma letu, la Kiturkana, uzio wa miiba, lango limeangalia jua linakotokea kama alivyoona kwa watu. Na ndani, kushoto unapoingia langoni, nyumba moja kubwa ya mviringo, paa la mkoma, baraza yenye nguzo, mlango wa kijani na pazia jeupe la lesi. Nyeupe! Alimwaga nyeupe yote aliyoinyima darasa. Upande wa kulia akaacha udongo mtupu.

Wanawake wa kwetu walipokuja kunywa chai walicheka mpaka wakalia. Kwetu, katika boma la mtu, nyumba ya mke mkubwa huwa kulia unapoingia, na ya mke wa pili kushoto. Boma lenye nyumba ya kushoto na kulia hakuna kitu ni boma lenye mke wa pili asiye na wa kwanza, jambo ambalo hata mtoto wetu mdogo akicheza kwa mawe hawezi kulikosea. Nikamweleza. Akauliza kama ni mwiko. Nikasema si mwiko, ni kosa tu la mtu asiyejua. Akarudi nyuma hatua chache, akautazama ukuta wake, mikono kiunoni.

"Wacha ikae hivyo," alisema. "Hata mi sikuingia hapa wa kwanza."

Wanaume hawakucheka. Baba yangu mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alihamia Kakuma kabla yangu na ndiye mzee wa mtaa huu, na alikuja na kigoda chake, akakaa mbele ya ukuta, akatazama bila kuagiza chai. Lazima mjue kwamba kwetu mwanamke ndiye anayejenga nyumba. Yeye anakata vijiti, yeye anasimamisha, na ikishasimama ni yake. Mwanamume haibomoi. Aliposimamisha nyumba mwanamke, hapo yupo, na hilo si mchezo. Kwa hiyo pale mtu wa nje angeona picha tu, baba mdogo aliona mwanamke mgeni amesimamisha nyumba upande wetu wa laga na kuelekeza lango kwenye jua. Alisema leo wanachora, kesho watajenga. Wazee wenzake wakakubaliana naye. Nikaambiwa niufute, la sivyo hakuna mzee atakayeketi tena hotelini kwangu, wala mwanawe.

Niliwajibu vibaya. Niliwaambia ukuta ni wangu na mimi pia ni mwanamke, kama wanavyojua. Wakainuka. Kesho yake hakuja mtu, keshokutwa pia, nikawa napika chai naimwaga. Malori yalisimama bado, lakini hoteli haiishi kwa malori, inaishi kwa watu wanaokaa. Nilikuwa na hofu, sitasema sikuwa nayo. Usingizi ulinikimbia nikifikiria hoteli ikifungwa nitarudi Lodwar nikaseme nini.

Na yeye, badala ya kujificha kidogo upepo upite, akaanza kuja kila asubuhi. Anaagiza chai ya tangawizi, anaweka kiti mgongo kwenye ukuta, anakunywa peke yake mahali pote patupu, na kila apitaye barabarani anamuona. Nikamwomba aende nyumbani, ananizidishia moto. Alikataa. "Nimekimbia mara moja," aliniambia. "Inatosha." Nilimkasirikia sana siku ile, na nikamwongeza tangawizi.

Baba mdogo akamwita mama yangu kutoka Lodwar aje anitie akili. Mama akaja, mzee, shanga zake shingoni, fimbo mkononi, na badala ya kuingia ndani kwanza kunywa maji alisimama pale pale barabarani akatazama ukuta. Mama yangu alikuwa mke wa pili. Nyumba yake ilikuwa kushoto maisha yake yote, na mke mkubwa, Mungu amrehemu, hakumwachia siku moja asahau. Akaniuliza kwa ukali nani amemweleza huyo mchoraji mambo ya nyumba yake yeye. Nikaapa hakuna, amekosea tu mwenyewe. Hakuniamini. Akasogea akapapasa zile nguzo za baraza kwa vidole, polepole, moja baada ya nyingine. Halafu akaniagiza nimletee ngozi yake ya kulalia, akaitandika chini ya ukuta, akaketi. Akasema amefika.

Wazee wakaja kusikia uamuzi. Mama hakuinuka. Aliwaambia nyumba ile ni yake, ya kushoto, kila mtu anajua amekaa kushoto tangu aolewe, na sasa anataka kumwona mwanamume atakayebomoa nyumba ya mwanamke. Wakatazamana. Niliona jinsi nyuso zilivyolegea, maana hata wao walikuwa wamechoka kukosa chai. Baba mdogo akasema kama ni nyumba ya mke wa ndugu yake, basi ni yetu, na ikiwa ni yetu ibaki. Mtu akaagiza mandazi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikageuka kukimbilia jikoni.

Mchoraji akasimama. Alikuwa pale kwenye kiti chake muda wote, na Kiturkana chake kilikuwa cha kutosha kwa ugomvi. Jameni, nilimkonyeza kwa macho yote mawili. Alichokitafuta miaka yote amekipata, ukuta umepona, alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Akasema kwa Kiswahili, polepole, ili mimi nitafsiri.

"Hapana. Hii nyumba haiko ya mama. Ni yangu mi. Niliichora sababu nataka kuishi humu. Mukitaka kuifuta, mufute. Lakini musiseme ni ya mwingine."

Nilitaka kutafsiri kitu kingine kabisa. Lakini alikuwa ananiangalia, na alijua maneno ya kutosha kunishika. Nikatafsiri yote. Baba mdogo akainua kigoda chake, na wenzake wakainuka naye, na mandazi yakabaki sinia zima. Nikajua sasa hoteli imekwenda.

Mama yangu akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameketi, hadi shanga zikalia, kisha akaniambia nimwambie mchoraji neno lake. Akasema mke mwenza huchagui, unamkuta, yeye alimkuta wake na wake alimkuta yeye, wakagombana mpaka kifo, lakini hakuna aliyemwambia mwenzake nyumba yake si nyumba. Basi ile ya kushoto ibaki ya yule. Yeye amechoka na kushoto. Akanitaka nimletee jivu la jikoni na maji. Akakoroga kwa mkono, akajiinua kwa fimbo yake, na pale kulia kwenye udongo mtupu, mbele ya wazee waliosimama na vigoda vyao, akaanza kuchora nyumba kwa vidole. Ilikuwa nyumba mbovu kwa kuitazama. Imeinama, mlango mdogo, haina baraza. Lakini ilikuwa kulia, upande wa mke mkubwa, na wanawake waliokuwa barabarani walipoelewa anachofanya walipiga vigelegele vilivyosikika ng'ambo ya laga. Mchoraji akampa brashi, mama akaikataa. Mchoraji hakumsahihisha kitu, na hicho ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote nilivyoona siku ile.

Ukuta ulibaki, na wazee wakarudi kwenye chai, kwa sababu nyumba ya kulia hakuna aliyeweza kuisema. Lakini baba mdogo hakukubali kushindwa. Kwake pale ukutani kulikuwa na nyumba moja, ya mke wa ndugu yake. Ile nyingine aliiita kosa. Akimwelekeza mgeni atasema aketi karibu na lile kosa. Mchoraji naye alijibu mapigo: kila akipita mbele yake alimsalimia ejok kwa sauti kubwa kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni, naye baba mdogo aliitikia puani. Miaka ikaenda hivyo. Mama alikuwa akija Kakuma mchoraji anamletea sombe, na mama, ambaye hakupenda majani hayo ya muhogo hata kidogo, aliyala yote, halafu ananiambia yana ladha ya dawa. Hawakuwahi kuwa marafiki. Mama alipofariki, mchoraji aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akaja mpaka Lodwar, akakaa upande wa wake wenza na hakuna aliyemwinua.

Halafu ikaja barabara. Walikuwa wanaipanua, na watu wao walipita na rangi nyekundu wakiweka alama kwenye kila kilicho karibu mno. Ukuta wangu ukapata alama kubwa, ikakata lango katikati. Kijana wa barabara, mtu wa mbali, akaulizia wenye majengo, nami sikuwepo, nilikuwa sokoni. Baba mdogo ndiye aliyekuwepo. Nilisimuliwa na waliokuwa pale. Kijana aliuliza kibanda cha nyuma ni cha nani, akaambiwa. Akauliza na hizi nyumba za ukutani je, kisha akacheka mwenyewe, akasema hizi si kitu, ni picha tu. Baba mdogo akamshika mkono. Akamwambia ya kulia ni ya mke wa ndugu yake, amekufa, na ya kushoto ni ya jirani yao, mama mkimbizi, yuko hai, na kama wanataka kuibomoa waende wakamwombe.

Barabara haikusimama kwa ajili yetu. Walibomoa, na leo malori yanapita pale lango lilipokuwa. Lakini siku ile, kabla ya yote hayo, nilivuka laga mbio kumpelekea mchoraji maneno ya baba mdogo. Nilifikiri atalia. Alisikiliza, akaniuliza kama mzee mwenyewe ana miguu. Nikasema anayo. Akasema basi miguu hiyo ijue njia, yeye hapokei salamu za namna hiyo kwa mtu wa tatu. Nikarudi nimekasirika. Nilikuwa nimechoka na viburi vyao wote wawili, na nilimwambia baba mdogo hivyo hivyo mchoraji alivyosema, neno kwa neno, nikidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Baada ya siku kadhaa, jua likiwa limepoa, akaniita nimfuate.

Sikuwahi kumwona akivuka laga kwenda kule. Alitembea mbele, shuka begani, kigoda kinaning'inia mkononi, na watu wa kambini wakampisha bila kujua ni nani. Mchoraji alikuwa mlangoni pake anatwanga sombe. Alituona tangu mbali, na hakuacha kutwanga. Baba mdogo akasimama mbele ya kinu, akangoja, na yeye akaendelea kutwanga hadi majani yakalainika anavyotaka. Nilikuwa natoka jasho kwa niaba yao. Hatimaye akauweka mchi pembeni, akajifuta mikono, akamtazama.

Baba mdogo alisema kwa Kiturkana. Hakusema kirefu. Alisema ile nyumba ya kushoto aliijua tangu mwanzo kuwa ni nyumba, na kwamba ilikuwa ya mchoraji. Nikafungua kinywa nitafsiri, mchoraji akainua mkono kunizuia.

"Najua," alisema, na akachukua mchi wake.

Baba mdogo akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema anajua. Akasimama kidogo akisikiliza mchi unavyopiga, kisha akaweka kigoda chake chini, karibu na mlango wake, akaketi.